Nova yangu ya 72 inanigomea kila jua likiwa kali, niiuze au niendelee kwenda nayo kazini?

Shikamoo fundi,

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Houston huku Texas mwaka wa 9 sasa, naishi Alief na mama watoto na watoto wetu 2, kazi yangu ni ghalani karibu na uwanja wa ndege, naingia saa 8 mchana natoka saa 5 usiku. Safu yako nimeisoma muda mrefu, leo nimeona na mimi niandike maana hili jambo limenishinda na sasa limeingia mpaka ndani ya nyumba.

Mwaka jana nilinunua Chevrolet Nova ya 1972, milango 2, kijani kiza, V8 ya 350 (inchi za ujazo), giaboksi otomatiki. Nilitoa dola 14,500, hela ya kujibana miaka 3 na ovataimu juu. Nisikufiche fundi, hii gari naipenda. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504 ya abiria Tanga kwenda Lushoto, nimekua nikimshikia tochi huku kaingiza kichwa chini ya boneti, na siku nilipoiwasha hii Nova kwa muuzaji nikasikia ule mngurumo nilisimama pale kama mtoto. Aliyeniuzia alinihakikishia kila kitu ni orijino.

Sasa shida. Asubuhi au usiku inawaka kwa kugusa tu swichi. Mchana wa jua, nikishatembea nayo nusu saa nikisimama kuweka mafuta, nikirudi kuwasha inapiga "tak" moja halafu kimya. Taa zinawaka, honi inalia, stata haizungushi. Nikikaa dakika 40 inawaka kama haikuwa na kitu. Nimeshachelewa kazini mara 5 na bosi ameshaniita.

Nilipeleka gereji moja, wakaweka stata mpya ya "Nova 1972, 350", ikadumu miezi 2 ikarudia yale yale. Nikaagiza nyingine mwenyewe, ilipofika bolti hazikai, matundu yake yamekaa mshazari na yangu yamekaa sambamba. Nikarudisha nikachukua ya tatu, hiyo bolti zimekaa lakini ukipiga stata inalia kama unasaga kokoto. Pia kava za juu za silinda hedi zinavuja oili, nikaagiza gasketi za 1972, hazikuingia hata kwa dawa. Za kwenye picha bolti ziko pembezoni, zangu ziko katikati, 4 kila upande. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Halafu inachemsha. Kwenye hawei maili 60 kwa saa mshale umetulia, ikianza foleni ya saa 7 mchana unapanda mpaka naogopa kuutazama. Jamaa mmoja wa nyumbani akanishauri nitoe thamostati, ile valvu ya maji ya injini, nimetoa, hakuna nafuu. Nyuma ya rejeta feni iko wazi tu, haina chochote kuizunguka, sijui ndivyo inavyotakiwa. Na nikifungua swichi nasikia "zzzz" upande wa tangi, nayo sijui kama ni kawaida. Mafuta naweka yale ya bei ya juu ya okteni 93 ili isipate taabu.

Kilichonifanya niandike ni mwezi wa 7. Nilimpeleka binti yangu wa miaka 7 kwa daktari wa meno, mama yake yuko mbele, tukakwama kwenye foleni, gari ikachemsha, AC haina, mtoto akatapika kwa joto. Mama watoto hakusema neno mpaka tumefika nyumbani. Halafu akasema hapandi tena na mtoto wake hapandi tena, na niamue kama nina familia au nina gari. Yeye ana Corolla yake ya kwenda kazini, lakini zamu zetu zinapishana ndiyo maana mimi nikawa naitegemea Nova kila siku. Bima nimekata ile nafuu ya magari ya kale, na namba ni zile za antiki, nilishauriwa ni rahisi zaidi.

Fundi, niambie ukweli. Niuze? Na kama siuzi, spea zinazoingia nazipata wapi, maana kila ninachoagiza kwa jina la gari yangu kinanikataa.

Mwenye Nova, Houston

*

Marahaba mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara 3, na naanza na lile ambalo muuzaji hakukuambia, pengine na yeye hakuambiwa. Gari yako ni ya 1972 kwa bodi na kwa karatasi, lakini injini iliyolala mle ndani siyo ya 1972. Imezaliwa si chini ya miaka 15 baadaye. Spea hazikukatai wewe, zinakataa kwa sababu unamnunulia viatu mtoto kwa kupima mguu wa kaka yake.

Ushahidi umeuandika mwenyewe bila kujua. Zile bolti 4 za katikati kwenye kava, Chevrolet kwa kawaida walianza kuziweka kwenye silinda hedi za 1987. Kabla ya hapo zilikuwa pembezoni, kama ulivyoona kwenye picha. Ushahidi wa pili ni ile "zzzz" ya kwenye tangi. Nova ya 72 ilitoka kiwandani na pampu ya mafuta ya kimakanika, imefungwa ubavuni mwa injini, inasukumwa na kamshafti. Hizi 350 za mwishoni mwa miaka ya 80, hasa za pikapu, zilikuwa za injeksheni na pampu ya umeme, na bloki nyingi hazikutobolewa ile sehemu ya kupitisha kijiti cha pampu ya zamani. Kwa hiyo mtu aliyeweka injini hii, akaivua injeksheni akaweka kabureta, ilimbidi afunge pampu ya umeme nyuma. Ndiyo hiyo unayoisikia.

Usihuzunike wala usijione umetapeliwa sana. Hiyo familia ya injini ilianza 1955 ikiwa ya inchi 265 za ujazo, 350 ikaja 1967, na wakaendelea kuitengeneza kwa zaidi ya miaka 40. Hakuna V8 duniani yenye spea nyingi kuliko hiyo, na ndiyo maana watu hubadilishiana injini kati ya gari na gari bila kuandika popote, kwa nje zinafanana na zinaingia kwenye vishikio vile vile. Tatizo ni vitu vichache ambavyo vilibadilika njiani, na wewe umeangukia hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata dola 10 nyingine, Jumamosi hii chukua tochi na kitambaa na mafuta ya kusafishia, na simu ya kupiga picha. Nyuma kabisa ya bloki, pale inapokutana na giaboksi, upande wa dereva, kuna namba kubwa zimetokeza kwenye chuma chenyewe, hiyo ni namba ya bloki. Halafu mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria kuna kijisehemu bapa, mara nyingi kimejificha nyuma ya alteneta na kimejaa uchafu, pale kuna herufi na namba zimegongwa. Hizo mbili zitakuambia ni injini gani, ya mwaka gani na ilitoka kwenye gari ya aina gani. Andika kwenye daftari. Fungua daftari kabisa la hii gari, ukurasa wa injini, wa giaboksi, wa breki, wa umeme, na kila spea inayokaa vizuri andika namba yake ya dukani siku ile ile. Nilijifunza ufundi mtaa wa Gerezani pale Dar na wazee niliowakuta walikuwa na hayo madaftari yamelowa oili, fundi anafungua anakuambia gari ya fulani bushi yake ni ya gari fulani, basi mteja anatumwa Kariakoo mara moja tu na anarudi na kitu sahihi.

Sasa stata. Flaiwili, lile gurudumu la meno nyuma ya injini ambalo stata hulizungusha, kwa hizi 350 za otomatiki zipo za aina 2, ya meno 153 na ya meno 168. Ya 153 ni ndogo, na stata yake bolti zake 2 zimekaa sambamba. Ya 168 ni kubwa, inchi 14 kwa upana, na stata yake bolti zimekaa mshazari. Bloki nyingi zimetobolewa kwa zote mbili, ndiyo maana watu hukosea. Usikisie wala usimsikilize anayekisia. Toa waya wa betri, fungua kile kibati cha chini ya giaboksi, piga chaki kwenye jino moja, zungusha injini polepole kwa spana kwenye bolti ya krankshafti mbele, hesabu mpaka chaki irudi. Unapohesabu angalia na hali ya meno. Hiyo sauti ya kusaga kokoto ni meno yanaliwa, na kila unapoiwasha unayamaliza, kwa hiyo acha kuiwasha mpaka umehesabu.

Kama meno yameharibika na flaiwili inabidi ibadilishwe, sikiliza hapa kwa makini sana. Kuanzia 1986 sili ya nyuma ya krankshafti ilibadilika ikawa ya kipande kimoja, na flaiwili yake ina kipande cha uzito kwa ajili ya kusawazisha mzunguko. Za zamani hazina. Ukienda dukani ukasema "Nova 1972" utapewa isiyo na uzito, na kwenye injini yako huenda hata mashimo yake yasikubali, na yakikubali itatetemeka mpaka iue bearingi. Kwa hiyo ukiagiza sema injini ni 350 ya mwaka utakaousoma kwenye bloki, sili ya kipande kimoja. Usitaje neno Nova kabisa.

Stata mpya ikishapatikana, chukua zile ndogo zenye gia ndani, ni nyepesi, zinakula umeme kidogo na zinakaa mbali kidogo na bomba la ekzosi. Tumia bolti zake maalumu zenye mikwaruzo katikati, si bolti yoyote ya sandukuni. Na kati ya jino la stata na bonde la flaiwili iwepo nafasi, waya wa klipu ya karatasi upite. Ikibana au ikiachia sana unaweka au unatoa vile vibati vyembamba. Na uangalie kama kile kishikio kidogo cha mbele ya stata kipo, mafundi wengi hawakirudishi, na bila hicho stata inacheza.

Lakini hata stata ya dhahabu haitakuponya lile "tak" la mchana kama waya ni mbovu. Umeme ukipita kwenye waya wa moto unapungua nguvu, na stata yako iko jirani na ekzosi inayounguza, na waya wa kutoka kwenye swichi kwenda kwenye solenoidi, ile swichi ya umeme ya kwenye stata, una safari ndefu, unapita swichi, unapita kile kifaa cha kuzuia gari isiwake ikiwa kwenye gia, unapita ile plagi kubwa ya ukutani kati ya injini na ndani, na kila kituo kina kutu ya miaka 50. Pima. Chukua mita ya kupimia volti, weka waya wake mmoja kwenye nguzo ya chanya ya betri na mwingine kwenye bolti kubwa ya stata, mtu apige stata, usomaji usizidi nusu volti. Halafu pima nguzo ya hasi na chuma cha injini, hapo ziwe chini ya 0.3. Ikizidi, badilisha waya za betri zote, nene, na safisha eathi kati ya injini na bodi mpaka uone chuma cheupe. Kisha weka rilei, kale kaswichi kanakoamshwa na umeme kidogo, ili ile safari ndefu ibaki ya kuamsha rilei tu, na umeme wa solenoidi utoke karibu na betri moja kwa moja. Funika stata na ngao ya joto. Nina hakika kubwa kwamba stata yako ya kwanza waliyoitupa ilikuwa nzima.

Kuchemsha. Umeniambia jibu lenyewe: kwenye hawei imetulia, kwenye foleni inapanda. Ukiwa maili 60 upepo unapita wenyewe kwenye rejeta. Kwenye foleni upepo ni wa feni tu, na feni yako haina kava lake, lile pipa la plastiki linaloizunguka. Bila kava, feni inakoroga hewa ya moto iliyo pale pale nyuma badala ya kuvuta hewa ya nje kupitia rejeta. Tafuta kava la Nova, na hapa sasa neno Nova linafaa kwa sababu rejeta na bodi ni vya 72. Feni ikae nusu ndani nusu nje ya kava. Kama ina klachi, injini ikiwa baridi na imezimwa izungushe kwa mkono, ikizunguka bure bila kushika ujue imeshakufa.

Thamostati irudishe. Najua ulikotoka, na mimi nilifundishwa hivyo hivyo, gari ikichemsha kitu cha kwanza kutoa thamostati na kujaza maji ya bomba. Kule tulikuwa na sababu, maji ya chumvi yanagandisha ile valvu ikifunga injini inakufa, na kulanti ilikuwa ghali. Lakini kuitoa hakuleti upepo kwenye foleni, na kunafanya injini ibaki baridi asubuhi, oili inachafuka haraka na silinda zinalika. Weka ya digrii 180 za Farenhaiti, kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na kifuniko cha rejeta cha psi 15, kwa mchanganyiko huo haichemki mpaka ikaribie 265. Ukiacha maji matupu hiyo nafasi unaipoteza.

Kingine, angalia ubavuni mwa distribyuta kuna kibati cha mviringo chenye kampira ka vakyumu. Nimekuta gari nyingi mno hako kampira kamechomolewa kakazibwa kwa skrubu. Bila hako, injini ikiwa inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta cheche inachelewa, moto unaungua kwa kuchelewa na joto linaishia kwenye hedi na ekzosi badala ya kusukuma pistoni. Mtafute mtu mwenye taa ya taimingi akutazamie, ni kazi ya nusu saa.

Mafuta ya 93 acha, injini hiyo imeundwa kula 87, hela hiyo weka kwenye breki. Ila ile pampu ya umeme inanitia wasiwasi kuliko kitu chochote kwenye barua yako. Kama imeunganishwa tu kwenye swichi, siku ukipata ajali injini ikazima na bomba likakatika, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi ya moto. Ni lazima ipite kwenye swichi ya presha ya oili au ile inayokata umeme gari ikigonga. Fanya hilo wiki hii, kabla ya stata, kabla ya kila kitu. Na mipira ya mafuta ibadilishe yote, petroli ya hapa ina ethanoli na mipira ya zamani inaoza kwa ndani huku nje inang'aa.

Breki hujaniambia. Nova nyingi za 72 zilitoka na breki za madebe magurudumu yote 4, diski za mbele zilikuwa za kuongezea pesa. Kama zako ni madebe, kwa foleni za Houston na mvua ile nakushauri uweke diski mbele. Si kazi ya kutisha, kwa sababu fremu ya mbele ya Nova ya 1968 mpaka 1974 ni ndugu na ya Camaro ya 1967 mpaka 69, na seti kamili za diski zipo tele. Boljointi, bushi, shokapu, vitu vya usukani, vingi unavipata hata duka la kawaida la mtaani. Na kuna ndugu wengine watu hawawajui. GM, kampuni mama ya Chevrolet, walichukua bodi hii hii wakaiuza kwa majina mengine, Oldsmobile Omega, Pontiac Ventura, Buick Apollo. Chukua herufi ya kwanza ya kila moja ukianza na Nova, unapata N, O, V, A. Ukiwa kwenye yadi ya magari mabovu ukakutana na Ventura ya 71 au Apollo ya 73, usipite tu.

Spea za wapi, basi. Za injini na giaboksi, duka lolote, ukishajua namba zako. RockAuto, duka la mtandaoni, kwa vitu vya kila siku, Summit Racing wana duka Arlington huko huko Texas ukitaka kushika kwa mkono. Vya bodi, kava za taa, mipira ya milango, mazulia, wapo wanaotengeneza upya kama Classic Industries, ila bei ni kali na vioo vya pembeni na mapambo madogo ya nikeli ndiyo yanayosumbua kupata. Kwa hivyo nenda kwenye lile gulio la Pate pale Texas Motor Speedway, Fort Worth, kila majira ya machipuko, wazee wanamwaga spea chini ekari kwa ekari, nenda na daftari lako na uende asubuhi mapema. Mipira ya kioo cha nyuma ikague sasa hivi, inua zulia la buti, ukikuta maji shughulikia kabla mvua kubwa hazijaanza, kutu ndiyo inayozika hizi gari. Injini inabadilishwa kwa siku 2, sakafu iliyooza ni miezi.

Sasa nyumbani, na hapa naomba unisikilize kama kaka.

Shemeji yuko sahihi kuhusu mtoto, na si kwa sababu ya joto tu. Kiti cha nyuma cha Nova ya 72 kina mkanda wa kiunoni peke yake. Binti yako ana miaka 7, na sheria ya Texas inataka mtoto wa chini ya miaka 8 awe kwenye kiti cha usalama isipokuwa awe ameshapita urefu wa futi 4 na inchi 9. Kile kiti cha kunyanyua cha umri wake ni lazima mkanda wa begani uwepo, ule wa kiunoni peke yake ukigonga unamkata tumbo. Kwa hiyo hata Nova ikipona kabisa, ikawa na AC na breki mpya, binti habebwi humo mpaka fundi mzuri wa kuchomelea aweke sehemu za kufungia mikanda ya pointi 3 nyuma. Mwambie mama yake hivyo, kwa maneno yako, leo. Usimwambie "nimeambiwa", mwambie nilikosea, mtoto ataenda na Corolla. Nina hakika kitu kilichomuumiza siku ile ni kuona umekaa kimya ukihangaika na mshale wa joto wakati mwanawe anatapika nyuma. Hujaniambia kama ulimwomba radhi.

Bima nayo inabidi uipigie simu kesho. Zile bima za magari ya kale ni nafuu kwa sababu zinaandikwa kwa gari inayotoka Jumapili na kwenye maonyesho, nyingi zinakataza kabisa kwenda nayo kazini kila siku. Ukigonga saa 7 mchana ukielekea ghalani wanaweza wakakataa kulipa na uko peke yako. Waambie ukweli wa matumizi, ulipie bima ya kawaida, itapanda ndiyo. Na zile namba za antiki Texas zina masharti ya matumizi hivyo hivyo, kuna za klasiki kwa gari ya miaka 25 na zaidi ambazo zinakuruhusu kuendesha kila siku, badilisha.

Kuuza usiuze. Gari isiyowaka mchana na injini isiyojulikana, atakayekuja atakupa nusu ya ulichotoa, na shida zako zote hizi ukizijumlisha hazifiki hata dola 2,500 kama utafanya mwenyewe, ukiacha diski za mbele. Ila kwenda nayo kazini simamisha kwa miezi 2. Ongea na mwenzako wa ghalani anayekaa upande wenu mchangie mafuta, au nunua kagari kadogo ka dola 3,000 mkae nako moja kwa moja, maana mtu anayeendesha gari ya miaka 50 kila siku maili 30 kwenda na 30 kurudi anahitaji siku ya kuiacha imeinuliwa kwenye jeki bila bosi kupiga simu. Ndani ya hiyo miezi 2 fuata mpango huu: swichi ya kukata pampu na mipira ya mafuta, halafu waya na eathi, halafu stata na flaiwili, halafu kava la feni na thamostati, halafu breki. Gasketi za kava agiza za 350 ya 1987 kwenda mbele, za bolti za katikati, hizo zitaingia. Na kama siku moja utabadili menifoldi ya juu, ile inayobeba kabureta, kumbuka bolti zake za katikati kwenye hedi za 87 zimelala pembe tofauti na za zamani, waambie dukani kabla.

Ikimaliza hayo, iendeshe wiki 2 saa za jioni tu, halafu siku moja ya jua kali saa 7 mchana iingize kwenye foleni makusudi ukiwa peke yako, simama kituo cha mafuta, zima, hesabu dakika 10, washa. Ikiwaka mara 5 siku 5 tofauti, hapo nenda nayo kazini. Kwenye buti weka mkanda wa feni wa akiba, mpira wa juu wa rejeta, galoni ya kulanti, rilei ya pili, na tochi.

Ukishahesabu meno niandikie namba, na zile za kwenye bloki. Nitakuambia flaiwili gani.